Kumi Asubuhi, Kumi Jioni

Niliondoka Kitale asubuhi moja ya mwezi wa tatu bila kujua ninakoenda. Ndivyo nilivyoishi tangu nilipoacha shule darasa la saba. Nakaa mahali miezi minne, mitano, miguu inaanza kuwasha, nafunga mkoba. Nilikuwa na miaka thelathini na tisa, na msimu wote nilikuwa nimeshona magunia katika ghala la mahindi ambalo sasa lilikuwa tupu. Nikamrudishia mwenye nyumba ufunguo wake, nikaanza kutembea upande ambao jua halikunichoma macho.

Sikufika mbali. Nyuma ya soko kuna mtaro mdogo. Mtoto wa nasari anauvuka akiwa ameshika kikombe cha uji, na uji haumwagiki. Niliuvuka, nyasi zikateleza, nikaangukia mkono wa kushoto. Nilisikia mlio kama gunzi la mahindi linapovunjwa vipande viwili.

Hospitalini nesi aliutazama mkono, akanitazama usoni, akafunga pazia.

“Nani amekupiga?”

“Nimeanguka.”

“Wapi?”

“Nyuma ya soko. Kwa mtaro.”

“Mtaro gani, ule mdogo?” Akamwangalia mwenzake. “Mama, hapa si polisi. Sema tu. Ni mzee wa nyumba?”

“Sina mzee wa nyumba.”

“Haya basi, ni nani?”

Nilikasirika sana. Nilidhani wananidharau kwa sababu ya viatu vyangu na mkoba wangu. Siku hizi naelewa kwamba yule nesi alikuwa mtu wa kwanza kuona ugonjwa wangu, ila aliuita jina lisilo lake. Mwanamke wa umri wangu havunjiki mkono kwa kuanguka hivyo. Alijua kuna jambo.

Daktari naye aliishika eksirei kwenye mwanga muda mrefu kuliko nilivyopenda. Akaanza maswali. Bado naona siku zangu kila mwezi? Ndiyo. Nimedungwa sindano ya kupanga uzazi? Ndiyo, miaka mingi, ni rahisi kwa mtu asiyetulia mahali. Nakula nini? Chai na mkate, jioni ugali na mboga ikipatikana. Mama yangu yuko hai?

“Mama yangu anahusikaje na mkono wangu?” nikamuuliza.

Lakini nilijua. Mama alivunjika nyonga akinyoosha mkono kuchukua karai juu ya meza. Hakuanguka kwanza ndipo akavunjika. Alivunjika ndipo akaanguka. Alilala kitandani mwaka mmoja na nusu, dada yangu Nekesa akimgeuza kama mtoto, hadi akafa. Kwetu watu walisema amerogwa. Mimi sikusema kitu. Nilifunga mkoba nikaenda zangu, na hilo Nekesa hajawahi kunisamehe kabisa.

Hiyo ndiyo hofu iliyoingia ndani yangu siku ile, na kama wewe unayesoma umeambiwa mifupa yako imepungua, huna haja nikueleze. Sikuogopa mkono. Niliogopa karai.

Kwa mkono mmoja huwezi kushona gunia wala kufua nguo yako. Nikaenda Kabuchai kwa Nekesa. Yeye ameolewa na Wafula, mkulima wa miwa, mtu mpole asiyependa kelele. Mama yake Wafula anaishi nao. Macho yake yamefifia lakini masikio yanafanya kazi ya watu wanne. Sote tunamwita Kukhu, nyanya.

Wiki sita za plasta zilipita mahindi yakiota. Nilijifunza kufunga sidiria kwa mkono mmoja na meno. Plasta ilipotolewa wakati wa palizi, mkono uliotoka ndani haukuwa wangu. Ulikuwa mwembamba, una magamba, unanuka kama gunia lililolala na maji. Nikaanza kuushuku mwili wote. Goti likilia ninapopanda ngazi, nasimama. Mgongo ukiuma baada ya kulala, nahesabu pingili kwa vidole. Nilimwomba mwenye bucha mmoja anipasulie mfupa wa paja la ng'ombe ili nione ndani. Akadhani nataka kuongezewa nyama. Nilipomwambia nataka kutazama tu, alinipasulia, kisha akarudi nyuma hatua moja. Ndani mna vitundu kama mkate. Nikajiuliza vyangu ni vikubwa kiasi gani.

Mashine ya kupima jinsi mifupa ilivyoshiba ilikuwa Eldoret. Pale kwenye benchi nilikuwa peke yangu mwenye nywele nyeusi. Mzee mmoja aliyekaa karibu nami akauliza kwa upole, “Umemleta nani?”

“Nimejileta.”

Akasogea kidogo, kana kwamba uzee wangu ungeweza kumwambukiza.

Majibu yalikuwa kwamba nyonga na mgongo vimepungua kuliko inavyofaa kwa mwanamke ambaye bado anaona siku zake, lakini bado kuna nafasi ya kuvijenga. Sindano ya kupanga uzazi ikaachwa, maana nayo hupunguza mifupa, njia nyingine ikatafutwa. Nikaambiwa nile maziwa, dagaa wa omena, maharagwe na mboga za majani, nikapewa vidonge. Kisha nikatumwa kwa fisio, mtaalamu wa mazoezi ya viungo, hospitali ya Kitale.

Fisio alikuwa msichana mrefu aitwaye Chebet, na nilimshuku tangu aliponiambia dawa yake haina chupa.

“Utakuwa unaruka,” alisema.

“Kuruka kamba?”

“Hata kamba haihitajiki. Juu, chini.”

“Mtu ambaye mifupa yake inavunjika, unamwambia aruke?”

“Si leo. Kwanza tunatengeneza miguu. Mfupa wa nyonga hausikii sana ukitembea, na wewe umetembea maisha yako yote, si ndiyo? Unasikia ukishtuliwa. Kidogo, mara kwa mara.”

Nilimuuliza kwa nini. Akanijibu. Nikamuuliza kwa nini tena. Nilipofika la sita akacheka akasema watu waliosoma naye chuoni hawakuuliza hivyo. Bado sikumwamini. Niliona anataka kunijaribu, kama wanavyojaribu mbegu mpya kwenye shamba la mtu mwingine.

Miezi miwili ilikuwa ya kuinuka kwa vidole na kushuka kwa visigino, kukaa na kusimama bila kushika kiti. Kila mwezi nilirudi kwenye benchi la bluu lililopasuka upande mmoja, nikingoja jina langu. Na nakuomba usianze kuruka kwa sababu umesoma haya. Pimwa kwanza, mtu anayejua akuone unavyotua. Mahindi ya Kabuchai yalipokuwa yanakauka shambani, Chebet alinishika mabega akasema sasa. Miguu yote miwili juu, yote miwili chini, magoti yalegee. Pumua. Subiri kidogo. Tena. Kumi asubuhi, kumi jioni. Mahali pagumu pasipoteleza.

Mara ya kwanza nilifunga macho nikisubiri mlio wa gunzi. Haukuja. Nilisikia tu maziwa yangu yakitikisika.

Makosa yangu yalianzia hapo, na yalikuwa makosa ya mtu aliyezaliwa pale pale, kwa hiyo sina pa kujificha. Uwanja wa Nekesa ni matope msimu wa mvua. Pana mahali pamoja tu pagumu na papana, sakafu ya saruji ya kuanikia maharagwe, na iko hatua tatu kutoka kaburi la baba yake Wafula. Asubuhi na jioni watoto wa jirani walinicheka, “Antie ni chura!” Ya jioni nikaihamishia nyuma ya choo, kwenye ukingo mwembamba wa saruji. Ya asubuhi nikaifanya mapema kabla watu hawajatoka, nikiwa na leso kifuani. Nikimaliza, sakafu ina alama za matope za nyayo zangu, na Nekesa ataanika maharagwe hapo. Kwa hiyo nachukua ufagio, nafagia nyayo zangu zote.

Mtu wa huku kwetu Bungoma akisoma hapo ameshashika mdomo. Mwanamke asiye na mume, amekuja kutoka hakuna anayejua wapi, kabla ya jua anaruka karibu na kaburi akiwa na leso, kisha anafuta nyayo. Hivyo ndivyo watu wanavyowaeleza wachawi wanaokimbia usiku, wale wanaopiga ukuta wa mtu na kutupa mchanga kwenye mabati. Kama ungekuwa mwaka wa tohara, ngoma na kengele za vijana wanaokesha zingenificha. Haukuwa.

Jirani, Mama Simiyu, hupita alfajiri akipeleka maziwa. Aliniona. Hakuniambia mimi. Nilianza kugundua vitu vidogo. Nikiwasalimu wanawake kisimani, wanaitikia kisha ndoo zinajaa haraka. Kikombe changu cha chai kiliwekwa peke yake. Binti mdogo wa Nekesa alipopata malaria, Kukhu alinikataza kumbeba. Mtoto alipelekwa zahanati, akapona kwa siku nne, lakini katazo halikuondoka.

Nami nikawashuku wote. Nilidhani wamegundua ugonjwa wangu na wanaogopa watakuja kuniuguza kama Nekesa alivyomuuguza mama. Sikujua ni kinyume chake, kwamba walikuwa wananiogopa mimi mzima.

Siku moja baada ya chai ya saa nne Wafula alibaki mezani akizungusha kijiko.

“Shemeji, mimi si mtu wa maneno mengi.”

“Sema tu, shemeji.”

“Asubuhi unafanya nini kwa mzee?”

“Mzee gani?”

“Baba. Pale kwa kaburi.”

“Naruka.”

“Unaruka.” Akaweka kijiko chini. “Unaruka nini?”

“Siruki kitu. Naruka tu. Ni dawa ya mifupa.”

Kukhu alikuwa mlangoni akimenya viazi. Hakugeuza kichwa. “Mimi nasikia kishindo chake kila siku. Tu. Kimya. Tu. Kimya. Halafu ufagio.”

“Kukhu, hiyo kimya ni ya kupumzika.”

“Hata wale wa usiku hupumzika,” alisema.

Nekesa alinifuata nje. Alikuwa na mdomo ule wa mama, unaotetemeka kabla ya maneno. “Yaya, dada, si uache tu? Kwani kuruka ni chakula? Hawa ni watu wangu. Wewe utaenda, mimi nitabaki nao.”

“Unakumbuka mama?”

“Mimi ndiye niliyekuwa namgeuza,” alisema. “Wewe ndiye unakumbuka?”

Nikaacha kuruka.

Niliacha wiki tano. Nilikula maharagwe, nilimeza vidonge, nikajiambia mengine ni porojo za msichana wa Kitale. Lakini kila niliponyoosha mkono kuchukua kitu cha juu, mwili uliganda. Siku ya kliniki ilipofika, Chebet aliuliza, “Unaruka?”

“Naruka.”

“Kila siku?”

“Kila siku.”

“Haya, nionyeshe.”

Ya kwanza ilienda. Ya nne nilitua vibaya, magoti yakagongana. Ya sita nilishika meza. Hakuandika kitu. Alifunga kalamu akaniangalia, na nilitambua kwamba miezi yote hiyo nilikuwa nashuku kila mtu, na mwongo mle ndani nilikuwa mimi.

Nikamweleza yote, kaburi, leso, ufagio. Nilingoja acheke. Hakucheka.

“Hata kwetu ungefukuzwa,” alisema. “Na leso! Aki, mama. Sasa sikiliza. Ruka mchana. Vaa trakisuti. Na usifagie.”

Jumamosi iliyofuata chama cha wanawake kilikutana kwa Nekesa. Maharagwe yalikuwa yameanuliwa. Mandazi yalipokwisha nilisimama katikati ya ile sakafu, jua la saa nane kichwani, trakisuti ya mtumba inanibana, nikasema, “Mmesikia naruka. Hesabuni.”

Hakuna aliyehesabu. Niliruka kumi, kuku wakikwaruza pembeni. Nilipomaliza, Mama Simiyu alisema, “Hivyo tu?”

“Hivyo tu.”

“Na mbona ulikuwa unafagia?”

“Maharagwe ya Nekesa. Ungependa kula na matope yangu?”

Mtu mmoja akacheka kwa pua, wengine wakafuata. Nikaeleza ya nesi, ya mtaro, ya mashine ya Eldoret. Nikaeleza ya mama na karai, na hapo cheko likaisha, maana wengi walikuwa wamemzika. Mwisho Mama Simiyu alivua viatu. “Wacha nione huu uchawi.” Akaruka moja, mbili, tatu, akabana mapaja. “Ngoja! Ngoja, bana. Hiyo ya nne itanitoa mkojo mbele ya wageni.” Wanawake walilaliana kwa kucheka. Nekesa pia.

Nilidhani yameisha. Nililala vizuri.

Asubuhi niliamka kuruka nikakuta sakafu imeoshwa, na pembeni ya kaburi manyoya ya kuku mweupe na tone la damu iliyokauka. Wafula alikuwa amemwita mzee wa ukoo alfajiri. Walikuwa wamechinja na kupatakasa mahali hapo, kwa upole wote, bila kuniambia. Wafula alisimama kwenye mlango wa boma akajifanya anatazama miwa.

Sikumlaumu. Alikuwa na mama yake, watoto wake, kaburi la baba yake. Lakini nilijua nikibaki, kila homa ya mtoto itahesabiwa kuwa yangu, na nitaacha kuruka tena, kidogo kidogo, bila mtu kuniambia niache. Kwa mara ya kwanza maishani miguu haikuwa inawasha. Ningependa kukaa. Nilifunga mkoba hata hivyo.

Nekesa alinipa kopo la maharagwe, yale yale, na mfuko wa omena. Alinisindikiza hadi barabarani.

“Ni ngapi tena?” aliuliza akitazama pembeni.

“Kumi asubuhi. Kumi jioni. Lakini wewe upimwe kwanza.”

“Mimi nimeuliza tu.”

Niseme hapa, ili usiendelee kusoma kwa wasiwasi, kwamba kipimo cha pili nilikifanya mwaka uliofuata. Mgongo umebaki palepale haujashuka. Nyonga imepanda kidogo. Daktari alisema kidogo hicho ni kikubwa. Kama ni kuruka, au vidonge, au kuacha sindano, hajui, na mimi nimeshuku watu vya kutosha hadi kumwamini mtu anayesema hajui. Nekesa alipimwa. Anasema yeye haruki. Lakini Wafula alinipigia simu kuniuliza kama ni kawaida sufuria za jikoni kulia kila asubuhi mlango ukiwa umefungwa. Nikamwambia shemeji, muulize mwenye jiko.

Lakini siku ile niliyoondoka sikujua lolote kati ya hayo. Nilitaka tu kupanda juu, mahali pasipo na mtu anayemjua mama yangu. Jioni nilishukia Kapsokwony. Barabara zake zimeinama kiasi kwamba pikipiki zinalia kama zinaonewa, na hewa ilikuwa baridi, ina harufu ya vitunguu na moshi. Nilielekezwa nyumba ya orofa moja iliyoandikwa VYUMBA kwa rangi nyekundu. Mwenyewe alikuwa mama mnene mwenye kofia ya sufu, anachambua mboga kwenye ungo. Aliutazama mkoba wangu, kisha nyuma yangu.

“Uko na nani?”

“Peke yangu.”

“Unatoka wapi?”

“Kabuchai. Kabla ya hapo Kitale.”

“Na unaenda wapi?”

“Bado sijajua.”

Mkono wake ukasimama juu ya mboga. Niliijua sura hiyo. Nilikuwa nimeishi nayo miezi mingi, na nikaona ni heri ije yote mara moja, waziwazi, kabla sijalipa.

“Mama, kabla hujanipa chumba kuna jambo. Mimi huruka.”

“Huruka?”

“Mifupa yangu ni dhaifu. Naruka hivi, juu chini, kumi asubuhi na kumi jioni. Hospitali ndiyo iliyosema. Utasikia kishindo. Usiogope, na usiwaache watu wakuambie kitu kingine.”

Pikipiki mbili zilipita. Halafu akasimama, akajipangusa mikono, akachukua funguo mbili, akarudisha moja msumarini.

“Ya juu ni mbao,” alisema. “Utanibomolea. Chukua hii ya chini, ni saruji.”

Kilikuwa chumba kidogo chenye kitanda, ndoo na dirisha linalotazama mlima. Nilikanyaga sakafu kwa kisigino. Ilikuwa ngumu, haitelezi. Nilipogeuka alikuwa bado mlangoni, ungo kiunoni, jicho moja limefinywa.

“Ya leo jioni umeruka?”

“Bado.”

“Ruka nikuone.”

Nikaweka mkoba chini, nikavua viatu. Niliruka, nikapumzika, nikaruka. Midomo yake ilikuwa inatembea. Nikasimama kuvuta pumzi, nikiwa na uchovu wa safari na njaa, nikaona yatosha kwa leo, nikainama kuchukua viatu.

“Tisa,” alisema. “Ulisema kumi.”